Nani Awe Somo wa Mgeni?

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wa habari hii hauna jibu. Jibu mtalitoa ninyi.

Waliokuwapo sebuleni kwa Bi. Tulalumba Sanga, kijijini Ihangilo, Alhamisi tarehe 12 Septemba, ni hawa. Alikuwapo Bi. Tulalumba mwenyewe, mwenye nyumba, ameketi karibu na jiko la mkaa. Alikuwapo Bi. Damarisi Chaula, mjane wa mwinjilisti, mtunza kitabu cha maziko cha usharika. Alikuwapo Keziya Mbilinyi, muuguzi wa zahanati, ambaye jina lake lina Z katikati, si Kesia kama wengi wanavyoliandika. Alikuwapo Otilia Tweve, muuza viazi. Alikuwapo Enesia Luvanda, mkwe wa Bi. Tulalumba, na mgongoni mwa Enesia alikuwapo mtoto wa kike wa miezi mitano ambaye hakuwa na jina.

Watatu kati yao walikuwa na vipaji vinavyojulikana kijiji kizima. Damarisi hakusahau tarehe. Ungemwuliza mvua ya mawe ilinyesha lini mwaka ule ng'ombe wa mwenyekiti alipozaa pacha, angekutajia siku na saa. Keziya hakubahatisha kitu. Hata chai aliipimia maji. Na Otilia alijaliwa miguu na sauti. Akiwa ng'ambo hii ya bonde, alimsalimu mtu wa ng'ambo ile, na salamu ikajibiwa.

Sasa, Ihangilo ni kijiji cha nyanda za juu kusini, mahali pa pareto, viazi na ukungu. Mwezi wa sita sakitu hushuka. Umande huganda juu ya majani, viazi huungua kama vimemwagiwa maji ya moto, na watoto wachanga hubanwa kifua. Kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa karibu na sakitu hapewi jina. Huitwa Mgeni, awe wa kike au wa kiume, mpaka baridi ipite. Akivuka, hupewa jina la mtu mmoja aliye hai, na mtu huyo huwa somo wake. Somo humfundisha kazi, husimama naye siku ya harusi, na siku somo anapozikwa, mtoto huyo ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Haki ya kutaja jina ni ya mama mzaa baba. Jina ni moja. Msije mkasema baadaye kwamba mtoto apewe matatu. Ihangilo walishakataa hilo kabla yenu.

Mwezi wa saba, mjukuu huyu wa Bi. Tulalumba alikohoa siku nne. Siku ya tano akalikamata ziwa la mama yake, akanyonya mpaka akalala. Bi. Tulalumba akatoka uani, akapiga vigelegele, akasema mbele ya majirani, "Aliyemwokoa huyu ndiye atakayekuwa somo wake!"

Hakuwaza kwamba wangetokea watatu.

Mambo yenyewe yalianza mwezi wa tano. Zahanati ililetewa sanduku dogo lenye sindano kumi na tisa za kukinga kifua cha watoto wachanga, moja kwa kila mtoto. Keziya alieleza kwamba kinga hiyo huingia mwilini ikiwa tayari kufanya kazi, hukaa miezi mitano hivi, kisha huisha. Alilitia sanduku kwenye jokofu, akabandika barua ukutani. Bi. Tulalumba alikuwapo, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati ya zahanati na mshika ufunguo wa pili. Damarisi akaingia, akaisoma barua ile mpaka nukta ya mwisho.

"Nesi, hii mnachoma lini?"

"Tarehe mosi Oktoba, Mama. Kabla ya majira ya baridi."

"Baridi ya nani?"

Keziya akageuka. "Ndivyo barua inavyosema."

"Oktoba hapa watu wanavua masweta, mwanangu. Aliyeandika hii anakaa wapi?"

Akatoka bila kuaga, akarudi na kitabu cha maziko kimefungwa kwa kitenge. Keziya akapanda juu ya benchi, mahali pekee simu inaposhika mtandao, akampigia daktari wa wilaya. Damarisi naye akapandishwa benchi. Akaanza kusoma.

"Mgeni wa Salome, tarehe 11 Juni. Mgeni wa Yunisi, tarehe 19 Juni. Mgeni wa Otilia, tarehe 2 Julai. Mgeni wa Otilia, mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni…"

"Subiri, Mama," daktari akasema. "Mbona wote wanaitwa Mgeni?"

"Kwa sababu hawakufika, Daktari."

Damarisi akaendelea. Walikuwa ishirini na saba katika miaka tisa, na ishirini na watatu kati yao walikufa mwezi wa sita na wa saba. Wa Oktoba hakuwapo hata mmoja.

"Barua imenakiliwa kutoka kalenda ya nchi nyingine, ambako baridi huanza mwisho wa mwaka," daktari akasema mwishoni. "Nitawaandikia nyingine leo hii. Sasa Mama, wewe ungechoma lini?"

"Sakitu ya kwanza haijawahi kushuka kabla ya tarehe 5 Juni. Lakini kuna Wageni watatu bado wako matumboni. Wasubirini hao. Chomeni Alhamisi tarehe 30 Mei."

Hiyo ndiyo kazi ya Damarisi Chaula. Bila yeye, sindano zingekaa kwenye jokofu, salama kabisa, mpaka makaburi yamekwisha kuchimbwa.

Jumanne tarehe 28 ukungu ulikuwa umekaa juma zima bila jua kuonekana. Jokofu la zahanati hutumia nguvu ya jua. Adhuhuri betri ikafa. Keziya alikuwa kitongoji cha Lugenge akimzalisha mama wa Mgeni wa kumi na tisa, kwa hiyo aliyeiona taa nyekundu alikuwa Bi. Tulalumba. Akafungua jokofu, akatazama kipimajoto: nyuzi nane. Nesi alikuwa amesema mara ngapi kwamba dawa hii inataka baridi?

Na Ihangilo baridi ni ya bure. Maziwa huwekwa nje juu ya jiwe. Nyama huwekwa nje juu ya jiwe. Bi. Tulalumba akalibeba sanduku, akaliweka juu ya jiwe nyuma ya zahanati, mahali upepo unapopita, akakaa kando yake akijipongeza. Keziya alimkuta hapo saa kumi na moja jioni.

"Kamwene, Nesi! Nimeokoa dawa yako."

Keziya hakuitika salamu. Alipiga magoti, akafungua sanduku. Kipimajoto kilisema nyuzi mbili, na kilikuwa kinashuka.

"Bibi, sakitu huvifanya nini viazi?"

"Huviua. Wewe hujui?"

"Na hii vilevile. Inataka baridi ya kisima, nyuzi mbili hadi nane, haitaki baridi ya sakitu. Ikiganda, imekufa, na kwa macho huwezi kujua."

Ndani ya sanduku mlikuwa na kikadi chenye alama ya vyema. Dawa ikiganda, alama hiyo hugeuka kuwa ya kosa. Keziya alikitoa kwa vidole viwili. Ilikuwa vyema bado.

Fundi wa jokofu alisema atafika Jumatatu. Keziya hakupoteza muda kulalamika. Alikwenda kwenye shimo la mbegu za viazi la Bi. Tulalumba, lile lililofunikwa kwa nyasi na udongo, akashusha kipimajoto kwa kamba. Nyuzi kumi: joto kidogo. Akajaza chupa maji ya kijito, akazipanga kulizunguka sanduku, akafunika, akapima tena: nyuzi sita. Akaleta kigoda. Kuanzia jioni ile mpaka Alhamisi asubuhi alipima kila nusu saa na kuandika. Nyuzi zikipanda alibadilisha chupa, zikishuka alitoa moja. Alikula akiwa ameketi pale pale. Alisinzia kwa zamu na mhudumu wa zahanati, na zamu ndefu ilikuwa yake.

Katika daftari aliandika: "Sanduku lilihamishwa kwa sababu ya hitilafu ya jokofu." Hakuandika nani alilihamisha, wala kwanza liliwekwa wapi. Bi. Tulalumba alisoma mstari ule mara mbili.

Hiyo ndiyo kazi ya Keziya Mbilinyi. Bila yeye, watoto kumi na tisa wangechomwa maji matupu, na mama zao wangekwenda nyumbani wakishukuru.

Alhamisi ikafika, na jua likawaka! Juma zima lilijificha, likachagua siku hiyo. Saa tatu asubuhi shimo lilifika nyuzi tisa, na chupa za kijito hazikufua dafu. Keziya akatazama saa yake. Dawa hii ikishapata joto, ina saa nane, basi. Baada ya hapo hutupwa.

"Saa kumi na moja jioni," akasema. "Mpaka hapo, wote."

Lakini benchi la zahanati lilikuwa tupu. Akina mama walikuwa wamesimama nje ya ua, watano, sita, na watoto mgongoni, wala hawakuingia. Ndipo Otilia Tweve akapita na gunia lake kichwani.

"Mbona mmesimama kama kuku wanaoogopa mvua?"

"Kadi ya sindano inataka jina," akasema Yunisi, aliyewahi kumzika Mgeni mmoja. "Nesi anauliza, 'Jina la mtoto?' Nikilitaja leo, sakitu italisikia."

Otilia akatua gunia, akaingia ndani. "Nesi, andika Mgeni."

"Wote? Wageni kumi na tisa kwenye daftari moja? Nitajuaje nani kachomwa na nani bado?"

"Mimi nawajua. Huyu ni Mgeni wa Yunisi, ana alama nyeusi shingoni. Mgeni wa Aleta, wa bondeni, masikio yametoka kama ya babu yake. Andika, mimi nakutajia."

Keziya aliishika kalamu bila kuandika. Aliyekwisha kukesha na dawa siku mbili kwa kuogopa kosa dogo, sasa aliombwa aandike jina lisilo jina mara kumi na tisa. Kisha akainama, akaandika: Mgeni wa Yunisi, alama shingoni.

Otilia akatoka mbio, akapanda jabali lililo juu ya zahanati, akajaza kifua.

"Enyi akina mama wa Ihangilo! Serikali imekubali Mgeni! Hawataki jina! Njooni kabla dawa haijafa! Wewe Aleta, nakuona, acha pareto hiyo!"

Wakateremka kutoka mashambani, wengine na majembe. Saa nane mchana watoto kumi na wanane walikuwa wamechomwa, na kelele zao zilisikika mpaka kanisani. Ikabaki sindano moja. Keziya akapitisha kidole kwenye orodha.

"Mgeni wa Enesia yuko wapi?"

Bi. Tulalumba akatazama chini. Enesia alikuwa ameondoka siku tatu kabla, amerudi kwa mama yake kule Masunga, vilima viwili mbele, kwa sababu mkwe wake alisema mbele ya wageni kwamba uji wake ni maji yaliyooneshwa unga. Kwenda ni saa mbili kwa miguu, na kurudi ni saa mbili.

"Utafika saa kumi na mbili," Keziya akamwambia Otilia. "Umechelewa kabla hujaondoka."

"Hiyo ni miguu ya nani unayoihesabu?" Otilia akauliza, na tayari alikuwa mlangoni.

Bi. Tulalumba alisimama kando ya njia tangu saa tisa. Saa kumi hakuona mtu. Saa kumi na nusu hakuona mtu. Saa kumi na dakika arobaini kitambaa chekundu kikatokea juu ya kilima. Alikuwa Otilia, mtoto kafungwa mgongoni, viatu mkononi, na Enesia nyuma akihema kama mvukuto. Kijiji kizima kilipiga kelele kama mpira umeingia golini. Mtoto akachomwa zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Hiyo ndiyo kazi ya Otilia Tweve. Bila yeye, dawa iliyokuja kwa tarehe yake, ikatunzwa kwa nyuzi zake, ingemwagwa shimoni na Keziya mwenyewe.

Sakitu ilishuka Jumapili tarehe 9 Juni. Kifua kikaja kama kawaida. Wakakohoa wakubwa, wakakohoa watoto wa shule. Wageni wengine nao walikohoa, na Mgeni wa Aleta alilazwa wilayani siku mbili akarudi. Damarisi alifungua kitabu chake kila Jumapili, akakifunga bila kuandika kitu. Juni ikapita. Julai ikapita. Ukurasa ulibaki mweupe.

Basi ndiyo maana Alhamisi ile ya Septemba watu walikuwa wameketi kwa Bi. Tulalumba. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Nyumba nyingine kumi na nane zilikuwa zimekwisha kuchagua masomo kutoka koo zao, na yeye peke yake alikuwa amekula kiapo uani.

"Semeni," akawaambia. "Nimewaita ili nisikie."

"Mimi nimewaandika ishirini na saba kwa mkono huu," Damarisi akasema. "Mume wangu aliwaandika wengine kabla yangu. Sikuzaa, Tulalumba, unajua. Hakuna mtu anayeitwa Damarisi baada yangu. Nataka mara moja tu niandike jina katika kitabu cha ubatizo nikijua kwamba ni langu."

"Mimi nahamishwa mwisho wa mwezi," Keziya akasema. "Miaka kumi na moja nimekaa hapa. Kabla yangu kulikuwa na muuguzi. Nani analikumbuka jina lake?"

Hata Damarisi hakulikumbuka.

Otilia alikuwa amempakata mtoto, anamkuna mgongo. "Mimi nimo kitabuni mara mbili," akasema. "Mgeni wa Otilia, Mgeni wa Otilia. Wote wawili walikwenda bila kuitwa kitu. Nikimwita huyu kwa jina langu, walau mmoja ataitika."

Enesia akapenga kamasi kwa ncha ya kanga. Kisha, ili watu wasilie, akasema, "Mama, siku ile kule Masunga nilimwuliza Otilia, 'Mkwe wangu amekutuma?' Unajua alinijibu nini? 'Hapana, amekataza kabisa nisije.' Ndiyo nikaja mbio!"

Walicheka mpaka mtoto akashtuka. Bi. Tulalumba alicheka kuliko wote, huku akijifuta macho. "Otilia, mwongo wewe! Mimi nilikuwa kando ya njia nakuombea miguu!"

"Miguu iliombewa, mdomo haukuombewa," Otilia akasema.

"Lakini tuseme kweli," Damarisi akadakia. "Mbio bila tarehe ni mbio za bure. Mngekimbia Oktoba?"

"Na tarehe bila dawa hai?" Keziya akauliza taratibu. "Ungewachoma nini, Mama? Kitabu?"

"Haya, na dawa yako hai ungemchoma nani?" Otilia akasema. "Benchi?"

Bi. Tulalumba akainua mkono. Kila mmoja aliposema, yeye aliona ni huyo. Alimtazama Damarisi, akaona jina ni Damarisi. Akageukia kigoda cha Keziya, akakumbuka jiwe nyuma ya zahanati, akaona aibu.

"Kuna jambo sijawaambia," akaanza. "Siku ile jokofu lilipokufa, mimi ndiye…"

"Bibi, chai imechemka," Keziya akasema kwa sauti kubwa, akanyanyuka kuipua birika. Chai ikamiminwa na maneno yale yakapotea. Bi. Tulalumba akamtazama yule mwanamke mgongoni, akijiuliza kama ukarimu wa namna hiyo unahesabiwa, au kama ukihesabiwa haubaki kuwa ukarimu.

Na mtoto, akiwa mapajani pa Otilia, alikuwa ameshika kidole chake na hataki kukiachia.

"Nitalitaja Jumapili, mlangoni mwa kanisa," Bi. Tulalumba akasema. "Mimi nitalitaja, na mtakaokosa mtakula wali wangu hivyo hivyo."

Wakaagana kwa furaha. Nje waliendelea kubishana njia nzima, na sauti ya Otilia ilisikika mpaka ng'ambo.

Haki ya kutaja jina hairithiwi, na Enesia haruhusiwi kumchagulia mwanawe. Jambo likikwama hivyo, desturi ya Ihangilo ni kuwauliza watu wasiohusika, waliosikia habari yote tangu mwanzo. Nanyi mmeisikia. Mmoja alijua siku, mmoja alitunza dawa, mmoja alileta watoto, na ukimwondoa yeyote kati yao, mtoto hayupo. Kitabu cha ubatizo kina nafasi ya jina moja. Je, ungekuwa wewe, ungeandika Damarisi, ungeandika Keziya, au ungeandika Otilia?

Mnaulizwa ninyi kwa kuwa Bi. Tulalumba Sanga alifariki Jumamosi tarehe 14 Septemba, saa mbili asubuhi.